Difu ya Getini

Ukikutana na mwenye gari wa Tunduma ambaye hajawahi kudharauliwa na Zabron Kibona, ujue gari lake bado jipya. Likianza kugonga huko chini, au gia zikianza kukataa kuingia, atafika tu. Ataulizia gereji ya fundi giaboksi pale Sogea, ataelekezwa, na kabla hajazima injini atasikia sauti ikitoka uvunguni mwa gari jingine: "Hilo ni gari au umebeba mabati?"

Sauti hiyo ni ya mtu mrefu, mkavu, wa miaka hamsini na miwili, Mndali wa Ibaba kule juu Ileje. Alishuka Tunduma enzi za ujana wake na magunia ya viazi. Viazi vikaisha, yeye akabaki. Alijifunza ufundi kwa kuosha spana za wengine, na tuseme ukweli hata kama hautufurahishi: mikono anayo. Giaboksi iliyopita kwake hairudi. Shida ni mdomo, na huo nao alijaliwa kwa kipimo kilekile.

Alidharau vijana wanaobandika stika za rali kwenye gari za kubebea nyanya. Alidharau wateja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa kuwa walimwita "boyi" na yeye ana wajukuu. Aliwadharau zaidi wale aliowaita wataalamu wa simu, yaani mtu yeyote aliyetazama video mbili akaja na swali. Walimu aliwadharau kwa jumla, maana hao wanauliza hata bila video.

Lakini pale alipojiona mfalme hasa ni kwenye difu. Difu, kwa asiyejua, ndiyo inayogawa nguvu ya injini kwa tairi mbili zinazovuta, na kwenye gari dogo la kuvuta kwa mbele imefichwa humohumo ndani ya giaboksi. Ya kawaida ina tabia moja ya kijinga: nguvu inampa yule asiye na kazi. Tairi la kushoto likiingia kwenye utelezi linazunguka lenyewe kwa raha zote, huku la kulia lililokanyaga pagumu limekaa linatazama. Ndiyo maana watu wa barabara mbovu wanatafuta difu za kubana, ambazo hazikubali tairi moja lile nguvu peke yake.

Sasa Tunduma hii, ambako spea nyingi zimetoka kwenye magari yaliyokatwa vipande nchi za mbali, utajuaje kama difu uliyouziwa ni ya kubana kweli na si ya kawaida iliyopakwa rangi? Zabron alikuwa na jibu, na jibu lake likawa sheria ya mji. Anaibana difu kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma pale mezani, anachomeka kipande cha shafti kila upande, kisha anazungusha kimoja kwa mkono. Cha pili kikizunguka kinyume kwa ulaini, hiyo ni difu ya kawaida. Kikigoma mpaka mishipa ya shingo ikutoke, hiyo ni ya kubana. Basi. Hakuna karatasi wala maelezo. Watu waliacha chai zao kwenda kumtazama Zabron akipima difu, na yule ambaye difu yake imefeli alicheka pamoja na wenzake ili asionekane analia.

Mmoja hakucheka. Mwalimu Lwitiko wa Vwawa alikuja miaka minane iliyopita na difu aliyoiagiza na kuisubiri mwaka mzima, kaifunga kwenye kitenge cha mkewe, anataka iwekwe kwenye gari lake dogo. Zabron akaibana kwenye jiliwa, akazungusha upande mmoja kwa kidole. Kidole kimoja! Upande wa pili ukazunguka kinyume, laini kabisa.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya kufika barabarani, "umenunua difu ya kawaida iliyovaa suti."

Mwalimu alianza kueleza kwamba kuna aina nyingine, kwamba hiyo ikiwa mezani, lakini vicheko vilishamfunika. Akatazama difu yake, akatazama watu, akaiacha palepale na kitenge chake, na Sogea hakuonekana tena. Zabron akaipeleka getini. Upepo wa Tunduma unapiga mageti mchana kutwa, na kile chuma kilikuwa na uzito wa kutosha kuzuia geti lake la bati lisijifunge. Akakipa jina, Feki. Kila asubuhi alikisukuma kwa kiatu mpaka mahali pake, na kila mteja mpya alionyeshwa: "Umeiona Feki pale? Nenda kanunue nyingine kama ile, na wewe nikuweke getini."

Mtu pekee aliyethubutu kumjibu Zabron alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, Atuganile, aliyebaki Ibaba. Atuganile alikuwa mjane mwenye Corolla ya zamani, ile wanayoiita mia na kumi, ya gia za mkono na ya kuvuta kwa mbele. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya madereva wa kijiji ambao zahanati inawaita kupeleka wajawazito hospitali ya wilaya. Orodha hiyo ndiyo iliyomrudishia heshima. Miaka mingi aliitwa mke wa marehemu, leo wanawake wa Ibaba wanaijua namba yake ya simu kwa kichwa, na akipita wanainuka mashambani kumpungia.

Masika yaliyopita alikwama. Ilikuwa Kona ya Yonasi, kipande cha kupanda chenye udongo mwekundu, pale ambapo lori la bwana Yonasi lilipinduka na viazi, likaacha jina. Tairi moja lilizunguka bure karibu saa nzima, na mtoto akazaliwa kwenye kiti cha nyuma. Alizaliwa salama, lakini Tabita, nesi mkuu wa zahanati, si mtu wa kuitegemea bahati mara mbili.

"Atu, mimi nakupenda," alimwambia. "Lakini ukikwama tena na mama ndani ya gari, jina nalifuta. Siwezi kukuonea haya nikaja kuzika mtu."

Kwa hiyo mwezi wa kumi, mvua hazijaanza, Atuganile akashuka Tunduma.

"Kaka, nataka gari yangu ipande ile kona. Nifungie hizo difu zenu za kubana."

"Nunua gari la kuvuta kwa miguu yote minne."

"Ninunulie."

Zabron akatafuta kofia yake, wakaenda dukani kwa Seleman.

Seleman alikuwa mtu wa Tanga, muuza spea karibu na stendi, na Zabron alimdharau kwa mengi. Alivaa shati jeupe katikati ya oili na likabaki jeupe. Aliongea polepole. Kibaya zaidi, chini ya meza alikuwa na kitabu cha michoro ya giaboksi, na mteja akiuliza jambo alikitoa na kukifungua mbele za watu bila aibu yoyote.

Akaweka difu tatu juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa ya kawaida, imechomelewa ndani ili pande zote mbili zizunguke pamoja. Hiyo Zabron mwenyewe aliisukuma kando. Kwenye gari la kuvuta kwa mbele, tairi zinazovuta ndizo hizohizo zinazokata kona, na ukizifunga pamoja dereva atapigana na usukani mpaka avunjike yeye au shafti. Ya pili ilikuwa ya pleti, imetolewa kwenye gari la mashindano, na ndani yake mlikuwa na pleti zinazobanana namna ya klachi. Ya tatu haikuwa na pleti hata moja. Ilikuwa na gia za meno ya mshazari tu, zimelala ubavu zikisukumana.

"Dada," Seleman akasema, na alimwambia Atuganile, si Zabron, "kwa gari ya barabarani, ya kubeba watu, mimi ningechukua hii ya meno. Haikunyang'anyi usukani. Haina pleti za kwisha. Tairi moja likianza kuteleza, inalipa lile jingine nguvu mara mbili, mara tatu ya lile linaloteleza. Hii ya pleti ni ya watu wa mashindano, inabana hata pale usipotaka. Lakini na hii ya meno ina kasoro yake moja, lazima nikwambie kabla hujanunua. Tairi likiwa limening'inia hewani kabisa..."

"Lete hapa," Zabron akasema.

Akaibana katikati ya magoti, akachomeka shafti, akazungusha kwa kidole. Upande wa pili ukaenda kinyume, laini.

"Hiyoo! Feki namba mbili! Kaka yake Feki amefika mjini!"

"Fundi, hii haibani bila mzigo," Seleman akasema. "Hapa magotini haina mzigo wowote. Huwezi kuipima kwa..."

"Kwa hiyo inabana ikiwa barabarani tu, nikiitazama inalala? Seleman, na mke wangu ananipenda nikiwa safarini." Waliosimama mlangoni wakaangua kicheko. "Tanga huko mnauziana upepo, hapa tunapima kwa mkono."

Seleman akakifunga kitabu. Atuganile alimtazama, akatamani kusikia mwisho wa ile habari ya tairi kuning'inia, lakini kaka ni kaka, tena ndiye atakayefunga. Wakaondoka na ile ya pleti.

Gereji, watu walikuwa wameshajipanga. Zabron akaibana difu kwenye jiliwa, akazungusha, ikagoma. Iligoma vizuri tu, mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini mkono wa Zabron ulitaka kugomewa zaidi ya hapo, na macho yalikuwa mengi. Akaifungua, akaongeza washa mbili nyembamba, vile vipete vya chuma, ili pleti zibanane zaidi, akapima tena. Safari hii hata akining'inia kwenye shafti haikusogea. Makofi yakapigwa. Huo ndio utaalamu wa mji wetu: kitu kikikutoa jasho mezani, basi ni kizuri.

Corolla ilipogeuzwa pale uwanjani, tairi za mbele zikalia kwa uchungu.

"Mbona inalia?" Atuganile akauliza.

"Inakushukuru."

Alipofika Mpemba, nje kidogo ya mji, mabega yalikuwa yanauma. Usukani ulikuwa mzito, na kila tairi moja lilipokanyaga pazuri kuliko jingine gari lilitaka kwenda huko. Wiki tatu aliendesha kwa mikono miwili iliyokakamaa, akijiambia atazoea. Mvua zikaanza. Kwenye kupanda kulikonyooka gari lilipanda, hilo hatumnyimi Zabron. Kisha siku moja, akirudi mwenyewe na gunia la mkaa, akafika Kona ya Yonasi. Akakata kushoto, tairi zikakata kushoto, na gari likaenda mbele. Tairi zote mbili zilivuta kwa nguvu moja kama zilivyoagizwa, zikalipeleka gari moja kwa moja mtaroni. Lilivutwa na ng'ombe wa jirani. Hakukuwa na mama ndani, kwa hiyo kwa Tabita halikuhesabiwa, lakini Atuganile aliketi ukingoni mwa mtaro, akatoa simu. Akampigia kaka yake.

"Difu ilibana au haikubana?" Zabron akauliza.

"Ilibana."

"Basi. Umeendesha vibaya."

Atuganile akakata simu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumdharau kaka yake, na aliona si kazi ngumu kama alivyodhani.

Alhamisi iliyofuata alikuwa dukani kwa Seleman, hata salamu haijakamilika. "Ile siku hukumaliza," akasema. "Tairi likining'inia hewani kinatokea nini, na mtu anafanyaje?" Seleman akammalizia, bila kinyongo, na ilichukua dakika moja. Difu ya meno ikafungwa siku hiyohiyo na Sufiani, kijana aliyewahi kufukuzwa na Zabron kwa kosa la kuuliza kwa nini.

Kabla ya saa saba mchana Zabron alikuwa ameshapata habari, maana Tunduma habari haikai foleni na malori. "Kafunga Feki," alitangaza. "Mdogo wangu mwenyewe. Akikwama asinipigie." Na akaisukuma Feki yake getini kwa kiatu, kwa nguvu kuliko siku zote.

Januari kukawa na kikao cha ukoo Ibaba, mambo ya mahari ya mpwa wao. Zabron akapanda na viatu vyake vyeusi vya kanisani, akadharau chakula, akadharau wakwe, na Jumapili mchana Atuganile akajitolea kumshusha Isongole apate gari la kumrudisha mjini. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na ndiyo kwanza imekatika. Hawajatoka kijijini, simu ikaita. Ilikuwa Tabita. Dina, binti wa mimba ya kwanza, uchungu umemshika tangu asubuhi na mtoto amekaa vibaya. Anatakiwa hospitali sasa hivi.

Wakawapakia Dina na mama mkwe wake kiti cha nyuma. Tabita akainama dirishani. Akamtazama Atuganile, akagonga paa la gari, nalo likaondoka.

Kilometa za mwanzo Zabron alikuwa na maneno mengi. Alieleza namna difu hiyo itakavyowaaibisha. Aliwaeleza wale wa nyuma pia, kana kwamba Dina, aliyekuwa ameng'ata upande wa khanga, alikuwa na hamu ya kujua habari za giaboksi. Lakini fundi ni fundi, na jicho lake likaanza kuona yale ambayo mdomo ulikuwa unakataa. Mdogo wake alikuwa ameshika usukani kwa ulegevu. Gari lilipita kwenye tope la kwanza, tairi la kulia likateleza kidogo, na kabla halijaanza kuzunguka bure lile la kushoto likapokea mzigo na safari ikaendelea. Hakukuwa na kuvutwa wala kelele. Likaja tope la pili, ikawa hivyohivyo. Zabron akasema ni tairi mpya.

"Tairi ni zilezile, kaka."

Wakafika Kona ya Yonasi. Maji ya asubuhi yalikuwa yamechimba mfereji unaokatiza barabara. Atuganile aliuona, akachagua pembeni, lakini ukingo ukabomoka. Upande wa kulia ukazama hadi tumbo la gari likakaa ukingoni, na tairi la mbele la kulia likabaki linaning'inia juu ya shimo, halijagusa kitu. Akakanyaga mafuta. Tairi la hewani likazunguka kwa kelele. La kushoto, lililokuwa pagumu, likatulia tuli.

"Nilisema!" Zabron akapiga paja. "Nilisema mimi! Difu ya kawaida hiyo! Imevaa suti!"

Alifurahi. Hatuna namna nyingine ya kulisema. Nyuma yake kulikuwa na binti anayelia kwa uchungu, pembeni yake mdogo wake alikuwa anaelekea kupoteza kitu pekee alichojijengea tangu afiwe, na Zabron Kibona alifurahi. Mama mkwe wa Dina alimtazama kisogoni kwa namna ambayo angeiona asingekaa mjini tena kwa amani. Lakini hakugeuka, alikuwa na kazi. Alifungua mlango, akashuka kwenye tope na viatu vyake vya kanisani, akazunguka nyuma ya gari hadi upande wa kulia ili aonyeshe kwa kidole.

"Mnaliona? Linazunguka lenyewe! Na lile kule limelala! Mimi miaka minane nawaambia watu, hii kitu mezani inazunguka kwa kidole, kwa kidole kimoja tu, sasa itawezaje..."

Atuganile hakumtazama. Klachi alishaiachia na gia ilikuwa imeingia. Mguu wa kulia ukabaki kwenye mafuta, na ule wa kushoto, usio na kazi sasa, akauweka juu ya breki. Akaibonyeza kidogo.

Tairi la hewani likapunguza mbio. Zabron aliliona kabla hajaelewa. Kelele ikashuka, ikawa mlio mzito, na kule upande wa pili tairi lililolala likaamka. Corolla ikatetemeka, ikauma ardhi, ikajivuta. Tumbo lake likakwangua ukingo wa mfereji, tairi la kulia likadondoka mahali pagumu, na gari likaanza kupanda. Mlango wa mbele aliouacha wazi ukajibamiza wenyewe. Kwenye mwinuko ule wenye utelezi ukisimama umekwisha, na Atuganile hakusimama. Gari likafika kwenye kona, likakata kulia kama lilivyoambiwa, likapotea.

Zabron akabaki kasimama katikati ya barabara, kidole bado kimenyooka.

Mtu mwingine angesema ni uchawi. Yeye hakuweza kujipa hata hiyo nafuu, kwa sababu mikono anayo na kichwa anacho, na tope lilikuwa halijakauka kwenye suruali yake alipoelewa kila kitu. Difu ile inalipa tairi moja mara tatu ya kile ambacho jingine linabeba. Lililoning'inia hewani halibebi kitu, na mara tatu ya si kitu ni si kitu. Hiyo ndiyo kasoro ambayo Seleman alitaka kuieleza akakatwa kauli. Ukiligusa kwa breki, unalibebesha mzigo. Mzigo mdogo, lakini ni mzigo, na mwenzake wa chini anapata mara tatu yake. Na mezani kwake je, kwenye jiliwa? Pale mezani mzigo ulitoka wapi? Kidole kimoja kinabeba nini?

Alitembea hadi Isongole. Ni mwendo wa saa mbili kwa mtu mwenye viatu vya maana, yeye alitumia tatu. Watoto waliokuwa wanachunga walimsalimia, "Shikamoo, babu," na aliitikia wote, jambo ambalo si kawaida yake. Njia nzima hakudharau chochote. Alikuwa anaifikiria ile Feki ya getini kwake.

Simu ya Atuganile ilimkuta anasubiri gari.

"Tumefika mapema. Kafanyiwa upasuaji, mtoto wa kike, wazima wote wawili. Tabita amepiga, amesema orodha haiguswi." Kisha akaongeza: "Dina amezinduka anauliza, yule baba aliyekuwa anafundisha kwenye tope alifika salama?"

Zabron akakung'uta tope kwenye kiatu kimoja cha kanisani. 

"Mwambie nimefika," akasema.

Jumatatu alifungua gereji mapema. Feki ilikuwa pale ilipokuwa siku zote, imeshika bati, imejaa kutu na vumbi na alama za viatu vyake. Hakuisukuma. Aliinama, akaibeba kwa mikono miwili hadi mezani, na nyuma yake geti likajibamiza kwa upepo. Akaiosha kwa dizeli, taratibu, mpaka kutu ya juu ikaachia, akachungulia ndani kwa tochi. Meno ya mshazari yalikuwa yamelala ubavu, yanang'aa kwenye oili ya miaka minane iliyopita, halijavunjika hata moja. Akaibana kwenye jiliwa. Akachomeka shafti mbili, akazungusha moja kwa kidole. Ya pili ikazunguka kinyume, laini, vilevile kama siku ile.

Ilikuwa nzima. Ilikuwa nzima tangu siku ile ilipofunguliwa kutoka kwenye kitenge.

Wateja wakaanza kufika, na geti likawa linapiga. Mmoja akacheka, akauliza, "Fundi, Feki imekwenda wapi leo?"  Zabron alikuwa amesimama mbele ya jiliwa na tambara mkononi, anajaribu kukumbuka Mwalimu Lwitiko alikuwa ameanza kusema nini.